Sakafu ya hadtopu inaunguza miguu, na kapeti la pili halijasaidia kitu

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi dereva hapa Tanga mjini, naendesha Land Cruiser hadtopu ya kizamani, ile ya injini ya dizeli ya 1HZ, napeleka watu Pangani na Lushoto. Sakafu upande wa abiria wa mbele inachemka mpaka huwezi kukanyaga. Juzi nimempakia mama mkwe kwenda msibani Lushoto, tumeanza kupanda mlima wa Mombo akaniuliza, baba, humu chini umebeba jiko? Kuangalia, soli ya kandambili yake imelainika imeshika kwenye mpira wa sakafu. Niliona aibu siwezi kusema. Nimeshaweka kapeti mbili na katikati nimetandika spongi ya godoro, joto likapungua siku mbili tatu halafu likarudi, na sasa nasikia harufu ya kuungua. Ekzosi haina shida maana nilibadilisha mwaka jana. Wenzangu wanasema nigundishe ile foili inayong'aa chini ya gari. Nifanyeje? – Dereva, Chumbageni

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe mfikishie pole, ila kandambili mpya ziko juu yako.

Kabla ya yote hiyo spongi itoe leo, usisubiri kesho. Spongi ya godoro ikishika moto haiwaki taratibu kama kuni, inakwenda mara moja na moshi mweusi wenye sumu, na hiyo harufu unayosikia ni kama mtu anabisha hodi. Kapeti nazo toa uone bati la sakafu likoje, maana kapeti likinywa maji ya masika halafu likalala juu ya bati na huu upepo wetu wa chumvi, miezi michache tu unaona lami kupitia sakafuni.

Sasa kwa nini kapeti halikusaidia. Kapeti linachelewesha joto, halilizuii, kwa hiyo ukifika Muheza unasema alhamdulillahi nimepona, ukifika Korogwe unaanza kutilia shaka, na Mombo ndo limeshapenya lote. Ujue mafuta unayochoma, kwa makadirio ya kifundi, kama theluthi moja tu ndo inasukuma gari, theluthi nyingine inabebwa na maji ya rejeta na theluthi inatokea ekzosi. Unapopanda kwenda Lushoto, kama kilomita 33 hivi kona juu ya kona na gia ndogo, gari imejaa watu, moshi unaotoka kwenye injini unaweza kuvuka nyuzi 500 na huku upepo wa kupooza chini ya gari hakuna maana unatambaa. Huo moto wote unapita sentimita chache chini ya mguu wa mama mkwe.

Halafu umesema ekzosi haina shida maana ulibadilisha mwaka jana. Mwanangu, mimi hapo ndo nimepata jibu! Fundi wa kuchomelea hana bomba la kiwandani lililokunjwa kwa vipimo, anaunga vipande anafuata njia anayoiona, na mara nyingi njia anayoiona ni ile inayobusu sakafu. Na lile bati la kinga lililokuwa kati ya bomba na sakafu, likishakula kutu linagongagonga kama debe tupu, analing'oa analitupa kule, na wewe unamshukuru kelele zimeisha. Mwulize, nakuhakikishia atakumbuka.

Kwa hiyo lala chini gari ikiwa imepoa kabisa. Pitisha vidole vinne vilivyobanana kati ya bomba na sakafu. Visipopita, bomba liko karibu mno, lishushwe au lipindishwe upya kabla hujanunua kitu chochote cha kung'aa. Ukiwa hapohapo chini angalia na raba za bodi, zile zinazokaa kati ya bodi na chesisi. Ekzosi inaning'inia kwenye chesisi lakini sakafu ni ya bodi, sasa raba zikishakuwa chapati kwa uzee bodi inashuka na sakafu inalifuata bomba lilipo. Gari za umri huo nyingi zina ugonjwa huu na watu hawaangalii kabisa.

La pili, kuvuja, na hili silifanyii utani. Asubuhi injini ikiwa baridi mtu mmoja awashe gari, mwingine azibe mdomo wa ekzosi kwa tambara nene lililolowa, sekunde chache tu, na wewe usikilize kwenye maungio na kwenye gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoanzia kwenye injini. Ukisikia paf paf au ukaona masizi meusi kwenye kiungo, panavuja. Moshi unaovuja unachoma sakafu kama tochi ya gesi, na tena unabeba kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Dizeli inatoa kidogo kuliko petroli lakini kidogo hicho ndani ya gari lililofungwa vioo siyo kidogo. Abiria wakianza kulalamika kichwa kinauma na usingizi wa ajabu usiseme ni kona za Lushoto. Na ile tabia ya kukata ekzosi fupi iishie chini ya tumbo la gari, halafu unafungua kioo cha mlango wa nyuma upate hewa, hewa utapata lakini ni ile iliyotoka kwenye bomba lako mwenyewe, maana nyuma ya gari la umbo la sanduku upepo unarudi ndani. Bomba lazima litokeze nje ya bodi.

Ukishamaliza hayo, tafuta joto linapoingilia. Watu wananunua kipima joto cha bastola, sawa, ila siyo kile walichotupimia paji la uso wakati wa korona, kile kimetengenezwa kwa ajili ya binadamu, sakafu yako itakizidi. Mimi natumia mshumaa. Kata vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, vipange kwenye bati tupu la sakafu, viwili karibu na ukuta wa injini, viwili katikati, kimoja chini ya kiti, kimoja kwenye nundu ya giaboksi. Nta ya mshumaa wa kawaida inayeyuka nyuzi 50 na kitu mpaka 60 na kitu hivi. Mpakie kijana mmoja kazi yake iwe kuangalia tu, nendeni mpaka Muheza mrudi. Kwenye gari yangu kipande cha kwanza kuwa dimbwi kilikuwa mahali nisipopadhania, chini kabisa ya kiti, kumbe silensa iko pale.

Hapo ndo unaweka kinga. Hiyo foili usiigundishe kwenye sakafu juu ya ekzosi. Gundi yake ikipata moto inaachia, foili inaangukia kwenye bomba, na nyingine nyuma yake zina spongi na tumeshazungumza habari za spongi. Kinachotakiwa ni bati gumu la alumini lenye nafasi ya hewa, sentimita moja na nusu mpaka mbili kati yake na sakafu, na nafasi nyingine kati yake na bomba. Alumini inayong'aa inarudisha joto linakotoka na ule upenyo unaacha upepo upite uchukue linalobaki. Ukilibana bati flati kwenye sakafu umeongeza unene tu, joto linapita kama kawaida.

Alumini yenyewe siyo lazima ya dukani. Ya kwangu nilikata mfuniko wa sufuria kubwa la pilau, lile la shughuli, mkasi wa bati ukauma kama siagi. Miaka imepita, bati liko palepale, na mama watoto kila ikifika Idi ananikumbusha mfuniko wake. Nafasi niliiweka kwa kupanga nati kubwa kama vishikizo na boliti inapita katikati. Angalizo mawili hapo. Kabla ya kutoboa angalia upande wa pili kuna nini, maana bomba za breki, za mafuta na nyaya zinapita hukohuko. Halafu bati lifungwe kwenye bodi au kwenye chesisi, siyo upande huu bodi na ule chesisi, kwa sababu hivyo viwili vinacheza kila kimoja kivyake na barabara ya vumbi italipasua mapema sana. Alumini inapogusana na chuma weka grisi au rangi katikati, chumvi ya Tanga inapenda sana ndoa ya vyuma viwili tofauti.

Ndani malizia kwa spongi ngumu isiyonywa maji, kama ile ya mikeka ya mazoezi, mbali na sehemu ambazo mshumaa uliyeyuka haraka, na juu yake mpira mzito. Hata mkeka wa mkonge usiweke, najua ni wa kwetu na unapendeza, ila unanyonya maji na unashika moto.

SWALI: Assalam aleikum fundi. Nina Land Rover 110, nakaa Pangani. Mimi ndo naendesha na mguu wangu unaungua hata nikiwa tambarare, tena kuna hewa ya moto inanipuliza chini ya dashibodi nikiwa nimefunga kila kitu. – Mama wa Samaki

JIBU: Waaleikum salaam dada yangu. Wako ni ugonjwa tofauti. Hiyo ni hita. Najua utacheka, nani amewasha hita Pangani, lakini bomba lake lina koki inayovutwa na waya, waya ukikatika au mtoto akasukuma ile swichi ya dashibodi siku moja, koki inabaki wazi na maji ya injini ya nyuzi 80 na zaidi yanazunguka mbele ya miguu yako mchana kutwa. Injini ikiwa imepata moto gusa kwa uangalifu ile mipira miwili inayoingia kwenye hita, yote miwili ikichoma, koki inapitisha. Badilisha koki, au fundi aunganishe mpira mmoja uzunguke bila kupita kwenye hita, halafu mjaze maji na kutoa hewa vizuri. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ya moto.

Na usiku weka tochi inayowaka ndani ya boneti, ufunge, ukae ndani gizani. Kila unapoona mwanga kwenye pedeli, kwenye usukani, kwenye matundu ya nyaya, ndipo upepo wa rejeta unapokufikia, raba za hapo zimekufa. Raba ya chini ya gia nayo iangalie, na oili ya giaboksi na ya transfa, lile sanduku linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na nyuma, ipimwe, ikipungua zinachemka na kiti unachokalia kimefungwa juu ya sanduku la alumini, alumini inasafirisha joto haraka kuliko chuma, kwa hiyo unaposikia moto siyo lazima ndipo ulipoanzia.

SWALI: Kaka yangu ameshauriwa kufunga ekzosi yote na ile bandeji ya moto, yaani utepe unaozungushwa kwenye bomba kuzuia joto. Ni sawa? – Msomaji, Makorora

JIBU: Inapunguza joto kweli, simkatalii. Ila hapa pwani inashika maji ya chumvi na kuyabana kwenye bomba, bomba linaoza ndani kwa ndani huku nje unaona pasafi, na ikidondokewa oili au dizeli inageuka utambi. Kama ameshafunga, afungue kipande karibu na maungio aligonge bomba na bisibisi aone kama limeoza, kabla masika haijaanza.