Niliangalia Saa Kabla ya Kushangilia

SWALI

Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa ushonaji katika chuo kimoja cha maendeleo ya wananchi mkoani Kigoma. Nilipoingia chuoni Januari 2024 sikuwa na mazoea ya kuandika chochote zaidi ya kazi za darasani, lakini mpira niliupenda tangu utotoni, kwa sababu nyumbani kwetu redio ilikuwa ya baba na baba alikuwa mtu wa mpira. Aprili mwaka huo Mashujaa, timu yetu ya Kigoma, waliitoa Simba katika Kombe la Shirikisho hapa hapa Uwanja wa Lake Tanganyika, kwa penati 6-5 baada ya sare ya 1-1. Usiku ule sikulala. Niliandika kurasa mbili, na kulipokucha nikazibandika kwenye ubao wa matangazo wa chuo. Watu walizisoma kwa sauti, wakashangilia upya, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika.

Mwalimu mmoja alinipa daftari dogo la kwenda nalo uwanjani, na kidogo kidogo nikaanza kuandika pia mechi za mpira wa pete za chuo chetu. Hivi karibuni niliandika kwamba tulifungwa kwa sababu tulichoka robo ya mwisho, na wala si kwa sababu ya mwamuzi. Wenzangu bwenini walininunia, na mmoja aliniambia kwamba nimehamia upande wa pili. Lakini kinachoninyima usingizi ni jambo jingine. Nilikuwa jukwaani Mashujaa walipofunga, na kabla ya kushangilia niliangalia saa ili niandike dakika. Wote walikuwa wameshainuka, mimi bado nimeinamia daftari. Niliogopa sana. Je, naweza kuwa mwandishi bila kuacha kuwa shabiki? Na nifanye nini ili niendelee, wakati sina kamera wala kitambulisho cha mwanahabari? Naambatanisha makala yangu ya kwanza na ya karibuni.

Mwanafunzi wa ushonaji, Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimezisoma makala zako zote mbili, kisha nikaziweka mezani sambamba na kuzisoma tena, kwa sababu jibu la swali lako la kwanza limo ndani ya makala hizo kuliko lilivyo kichwani mwangu.

Ile ya kwanza inaanza hivi: "Ilikuwa patashika nguo kuchanika katika mtanange wa kukata na shoka, wanaume wakapambana kufa na kupona mpaka Mnyama akalala." Furaha yako naiona, na sitaki uionee haya. Hata hivyo, sentensi hiyo uliikuta imeshashonwa na watu wengine, ukaivaa kama ilivyo. Ukimwondoa Mnyama na kumweka mtu mwingine, itafaa mechi yoyote, uwanja wowote, mwaka wowote. Sasa tazama ulivyoandika juu ya mpira wa pete: "Mpira ulimfikia mfungaji wetu akiwa amelipa goli mgongo. Akasimama kwa mguu mmoja, akageuka, akaitazama ile pete kama anayetafuta tundu la sindano, akarusha. Mlinzi wao alibaki na mikono juu." Hiyo haiwezi kuwa mechi nyingine. Hakuna anayeweza kukupa tundu la sindano isipokuwa cherehani yako mwenyewe, na zile "akasimama, akageuka, akarusha" zinafuatana kama hatua zenyewe zilivyofuatana, bila kuhitaji shoka wala nguo ya kuchanika. Umbali uliopo kati ya makala hizo mbili ni mrefu, na umeutembea kwa muda usiozidi miaka miwili.

Kuna kitu kimoja umekiacha katika kipande hicho, nami nakitaja kwa sababu ni kizuri mno kuachwa. Katika mpira wa pete mchezaji haruhusiwi kukimbia na mpira, na hawezi kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Maana yake ni kwamba kusimama kule, kugeuka kule na kutazama kule vyote vilitokea ndani ya sekunde tatu. Msomaji asiyeujua mchezo huo atadhani binti yule alikuwa na nafasi ya kupumua, kumbe muda ulikuwa unamkimbia. Ungeziandika sekunde hizo, mikono ya mlinzi ingeonekana mirefu zaidi.

Tuje kwenye saa, kwa sababu naona ndiko moyo wako uliko.

Tarehe 25 Julai 2021 nilisafiri hadi Kigoma kutazama fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Simba na Yanga, katika uwanja huo huo unakokwenda wewe sasa. Nilikwenda kwa kazi, lakini mimi ni Yanga tangu nikiwa mtoto, na siku hiyo sikuwa na mpango wa kulisahau hilo. Kipindi cha kwanza kiungo wetu mmoja alionyeshwa kadi nyekundu. Nilikasirika kiasi kwamba kipindi cha pili chote nilikuwa nabishana na jirani yangu juu ya kadi ile, nikimwonyesha kwa kiwiko changu kilichotokea na kisichotokea. Taddeo Lwanga alipofunga kwa kichwa kutokana na mpira wa kona na Simba wakachukua kombe kwa bao hilo moja, nilikuwa bado nimegeukia upande. Jioni, jua likizama kuelekea milima ya Kongo, nilituma habari yangu iliyojaa hasira. Mhariri wangu alinipigia simu na kuniuliza swali moja tu: ile kona ilipatikanaje? Nani alipoteza mpira, upande gani, nani aliyelazimika kuutoa nje? Sikujua. Nilikuwa nimesafiri kwa treni tangu Dar es Salaam, nimepita Dodoma na Tabora, nimekaa jukwaani kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, na mchezo sikuuona. Timu yangu ilicheza na watu kumi kwa muda mrefu kwa moyo ambao ulistahili kuandikwa, nami niliyejiita shabiki wao sikuwa na hata sentensi moja ya kuwapa.

Ndiyo maana nakwambia kwamba kuangalia saa hakukukutenga na timu yako. Goli lile ulilithamini kiasi cha kutotaka lipotee. Wenzako walioruka walikuwa wanalifurahia, nawe ulikuwa unaliweka mahali litakapokutwa kesho, na furaha yako haikufutika, ilichelewa kwa pumzi mbili tu. Nina hakika uliinuka baadaye. Siku ambayo Mashujaa watafunga ukaandika dakika, kisha usiinuke kabisa wala usione tofauti yoyote ndani yako, siku hiyo niandikie tena, na tutazungumza kwa uzito mwingine.

Kuhusu wenzako wa bwenini, mwamba ngoma huvutia kwake, na wao walitaka ngozi ivutwe upande wa chuo. Usiwachukie kwa hilo. Kumbuka pia kwamba walinuna kwa sababu walisoma hadi mwisho, na si kila mwandishi hupata bahati hiyo. Lakini kuna neno moja katika makala yako ambalo wao hawakuliona. Uliandika "tulichoka." Hukuandika "walichoka." Mtu aliyehamia upande wa pili hawezi kuiandika ile "tu", kwa maana kiambishi hicho kidogo kinakuweka ndani ya uchovu wa timu, ndani ya kufungwa kwake na ndani ya lawama zake. Wengi hutumia "sisi" timu inaposhinda na kurudi kwenye "wao" inapofungwa. Wewe ulibaki na "sisi" siku mbaya. Katika ubao wa chuo chako endelea nayo bila aibu, kwa sababu kila msomaji anajua unakosimama. Ukiandikia gazeti la mkoa, hapo badilisha, kwa kuwa msomaji wa huko hakujui.

Hata hivyo, walikuwa na haki ya kukudai ushahidi. Ulisema tulichoka robo ya mwisho, lakini hukusema kila robo tulifunga mangapi. Robo ni nne, na kuhesabu mabao ya kila robo hakuhitaji chombo chochote zaidi ya kalamu. Ungeandika hesabu hiyo, ubishi ungehamia kwenye namba na kukuacha wewe salama. Namba nazo usiziache peke yake. Mkimbiaji wetu Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, saa ilionyesha dakika 3 na sekunde 32.2, na namba hiyo inatosha kumweka kwenye orodha. Haikwambii kwamba aliongoza tangu mwanzo na kuwaacha wenzake wamkimbize, wala kwamba John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye alimaliza chini ya rekodi ya zamani. Ukiyajua hayo mawili ndipo unapoelewa kwamba Bayi alifukuzwa hadi kwenye utepe.

Jambo jingine dogo, lakini mimi hulijali sana. Katika makala yako ya Mashujaa na Simba uliandika mara tatu kwamba mpigaji "alikosa penati." Kupaisha juu ya mwamba ni kukosa. Kugonga nguzo ni bahati iliyokwenda kombo. Kipa anapoupangua mpira, hapo hakuna aliyekosa kitu. Kuna mtu aliyeokoa, na ukisema "alikosa" umemnyang'anya kipa kazi yake. Ulikuwepo, uliona ipi ilikuwa ipi, basi mpe kila mmoja haki yake.

Umeuliza uendeleeje bila kamera wala kitambulisho. Vyuo kama chako, tangu vilipoanzishwa nchini mwaka 1975, havikukusudiwa kutoa wanahabari, na sitakudanganya kwamba mlango wa chumba cha habari uko wazi unakusubiri. Lakini fikiria hili. Tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6-0, na Abdallah Kibadeni akafunga matatu. Nalitaja mimi ninayeumia kulitaja. Karibu nusu karne baadaye tunalijua, hadi mfungaji wa kila bao, kwa kuwa kuna watu waliokaa na kuandika. Mechi za Simba na Yanga hazitakosa waandishi. Mechi za mpira wa pete za mabinti wa chuo chako zina mwandishi mmoja tu, na usipoandika wewe, yule aliyesimama kwa mguu mmoja atamaliza kozi, atarudi kijijini, na hata wanawe hawatajua kwamba aliwahi kufunga vile. Mimi ningeanza hapo, na ningeweka nakala ya kila makala kwenye faili moja lenye tarehe, kwa sababu karatasi ya ubaoni huchanwa ili kupisha tangazo la ada.

Na uandike mara mbili. Wewe ni fundi. Hushoni kabla ya kupima kwa futi kamba na kupiga bandi. Yale unayoandika jukwaani ni bandi, nyuzi za kushikilia tu. Nakuomba usiibandike ubaoni tena kabla hujalala. Lala nayo, asubuhi uisome kwa sauti kwa yule mwenzako aliyenuna zaidi, na atakapokukatiza, weka alama hapo kwenye karatasi kabla hujaanza kumjibu.

SWALI

Ndugu Mhariri, salaam. Naandika kutoka Tabora. Kijana wangu yuko chuoni na ameingiwa na mapenzi ya kuandika mpira. Tabora United walipoifunga Yanga 3-1 kule Chamazi, Novemba 2024, aliitazama mechi kibanda umiza na kuandika kurasa nne. Mimi namwambia kwamba habari ya mpira uliouona kwenye televisheni si habari, maana kila mtu ameiona. Nani kati yetu amekosea?

Mzazi, Tabora

JIBU

Ndugu yangu, salaam. Umenikumbusha jioni chungu, lakini nitajibu kwa haki. Kijana hajakosea kuandika, mradi aseme wazi kwamba alikuwa kibandani. Kwenye televisheni mpiga picha ndiye anayekuchagulia cha kutazama. Beki anayerudi taratibu baada ya kupoteza mpira huwa nje ya picha, na mara nyingi bao linalofuata huanzia kwake. Alichokuwa nacho kijana wako na ambacho kamera haikuwa nacho ni kibanda chenyewe: nani alinyamaza bao la pili lilipoingia, nani alidai arudishiwe kiingilio chake, watu wa Yanga na watu wa nyumbani walivyobanana kwenye benchi moja. Kama kurasa nne zile hazina hayo, mwombe aziandike upya angali anakumbuka.

Kisha mechi ya nyumbani itakapofika, mpe nauli na kiingilio aende Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi. Akae karibu na goli moja, na kwa dakika 45 za kwanza amtazame beki mmoja tu, mpira uwepo au usiwepo. Atakaporudi, mwulize beki yule alifanya nini, nawe umsikilize hadi mwisho kabla hujamwambia matokeo uliyoyasikia redioni.