Mtama wa mbegu ya uyoga kuchacha
Dada, umesema chupa zako za mtama wa mbegu, yaani mtama unaooteshewa uyoga ili uwe mbegu yake, zinanuka uchachu siku ya tano. Hayo ni maji yamezidi. Mtama wa mbegu hauchemshwi mpaka upasuke. Ukiona unga mweupe umetoka, umepitiliza. Mimi huminya punje moja kwa kucha: ndani iwe laini, ganda liwe zima. Chuja, tandaza kwenye kitambaa safi mpaka usiache unyevu kiganjani. Kisha jaza chupa, uzichemshe kwenye sufuria ya presha dakika 90, maana mvuke wa sufuria ya kawaida hauui bakteria wote wa nafaka. Chupa zipoe kabisa ndipo upande uyoga. Kwa uyoga wa mamama (oyster), ziweke gizani, nyuzi joto 24 hadi 27. Chupa ikiota ukungu wa kijani, tafadhali usiifungulie ndani ya nyumba.