Wasomaji wanauliza: Baada ya Wiki ya Maombi

SWALI: Ndugu wahariri, nafundisha katika shule ya Waadventista hapa Lubumbashi. Kila Wiki ya Maombi, yaani juma la mahubiri maalum shuleni, wanafunzi wengi wanaitikia mwito wa kumfuata Yesu, lakini majuma mawili baadaye hakuna tofauti. Tunakosea wapi?
Mwalimu, Katuba

JIBU: Mwalimu, mara nyingi mambo huharibika Jumatatu inayofuata, kwa sababu hakuna aliyepangiwa kuwafuatilia. Wagawieni walimu wanafunzi mapema, kila mmoja wasiozidi 10. Siku ya mwito msihesabu mikono. Toeni vikaratasi: jina, darasa, na anachotaka, yaani kuombewa, kujifunza Biblia, kubatizwa au kuongea na mtu faraghani. Wengi wanaosimama huwa wana shida nyumbani na wanataka maombi tu. Mkiwaandika wote kuwa wa ubatizo, watawakimbia.

Somo la kwanza la Biblia lifanyike ndani ya siku 7, dakika 30, ndani ya ratiba. Baada ya kengele ya mwisho wanaokaa mbali wanawahi taksi. Mafundisho ya msingi ya kanisa ni 28. Moja kwa juma linakula karibu mwaka mzima wa shule. Kwa hiyo Wiki ya Maombi ya kwanza iwe Oktoba, isisogezwe hadi Februari.

Wengi wa wanafunzi wenu bila shaka ni watoto wa Wakatoliki, Wamethodisti na Wapentekoste. Mwalimu amtembelee mzazi kabla ya tarehe ya ubatizo kutajwa. Mzazi akikataa, mtoto aendelee kujifunza, maji yatamngoja. Kuwaharakisha watoto ili ripoti ijae majina hatukubaliani nako hata kidogo.

Halafu ibada ya asubuhi. Dakika 15 zinatosha, mradi zisiishie kwa orodha ya wanaodaiwa minervali, yaani karo ya shule. Mtoto anayerudishwa nyumbani mbele ya wenzake mara tu baada ya "Amina" ameshasikia mahubiri ya siku hiyo. Kunakilisha Zaburi kama adhabu nako kuachwe. Walimu wenyewe wakutane dakika 10 kabla ya gwaride na kuwaombea wanafunzi 3 kwa majina, kila siku wengine.

SWALI: Shule za jirani zinasoma Jumamosi asubuhi. Tufidie saa hizo Ijumaa mchana?
Mzazi wa komite, Ruashi

JIBU: Hapana, mzee wetu. Sabato yetu, Jumamosi, huanza Ijumaa jua linapozama. Hapa Lubumbashi mwezi wa Juni jua huzama kabla kidogo ya saa 12 jioni. Januari linakaribia saa 1 kasorobo. Darasa likiisha saa 10 Ijumaa, wa bweni hawapati muda wa kufua, kuoga na kupika, na Sabato inawakuta na ndoo mkononi. Kama Jumamosi ya jirani ina vipindi 4, ongezeni kimoja kila siku, Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa mfunge saa 6 mchana. Ratiba hiyo wazazi waipate kwa maandishi siku ya kuandikisha watoto, maana malalamiko ya "mnasoma siku chache" huanza Novemba.