Vidonge vya "asili" vya kukata njaa: vilivyonishinda, na kilichonifaa

Usiku mmoja nilikoroga kijiko cha maganda ya mbegu za ispagula, nyuzinyuzi za kushibisha, kwenye glasi ya maji, simu ikaita. Mazungumzo yakanoga, nikaisahau glasi. Niliporudi, kama robo saa hivi baadaye, nikaiinamisha nimwage: hakikutoka kitu. Maji yote yalikuwa yameganda, yanatikisika kama jeli. Nikasimama pale naitazama, nikajisemea, kumbe hiki ndicho kinachotokea tumboni.

Hadi kufika hapo nilishatupa pesa nyingi kwenye chupa za vidonge. Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.4. Kisukari huhesabiwa kuanzia 7.0, kwa hiyo nilikuwa bado, ila nilikuwa mlangoni. Daktari akaniandikia metformini, dawa ya kushusha sukari, na kunitaka nipunguze uzito. Shida yangu ilikuwa njaa, na si njaa ya mchana, hiyo naiweza. Ni ile ya saa nne usiku, umeshakula, vyombo umeshaosha, halafu miguu inakurudisha jikoni yenyewe. Ndipo nikaanza kusaka "vya asili".

Cha kwanza kilikuwa berberini, kemikali ya manjano inayopatikana kwenye mizizi na magome ya mimea kadhaa. Matangazo yalisema inafanya kazi kama zile sindano za kupunguza uzito, tena bila sindano. Nikawa nameza miligramu 500 mara tatu kwa siku, juu ya metformini yangu, bila kumwambia mtu. Siku ya nne tumbo likaanza kunyonga. Siku ya sita nilikuwa naijua idadi ya vigae vya chooni. Nikaenda kwa mfamasia kutafuta dawa ya kuhara.

"Mama, kuna dawa nyingine unatumia?"

"Hakuna. Labda hivi vya asili tu."

Akaomba aione chupa, akaisoma polepole hadi nikaanza kuona aibu. "Mama, hii ni dawa. Inashusha sukari kama metformini, inavuruga tumbo kama metformini, na wewe unameza zote mbili."

Kisha akanieleza jambo lililonikaa kichwani. Metformini nayo chimbuko lake ni mmea, Galega officinalis. Ndani yake mna galegini, inayoshusha sukari, lakini ni sumu mno kumpa mgonjwa. Wanakemia wakatengeneza vitu vya ukoo wake vilivyo vipole zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya kutumia metformini kwa wagonjwa wa kisukari. Kwa hiyo mimi niliyekuwa nakimbia dawa nikakumbatie mimea, nilikuwa nimeshika mmea mkono mmoja na mmea mwingine mkono wa pili. Tofauti ni kwamba ule wa metformini ulikuwa umepimwa dozi yake.

Sisemi berberini ni uongo. Inashusha sukari na kolesteroli kwa kiasi. Kwenye uzito ndipo ahadi inaponywea: ni kilo chache tu. Pia inazuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyoondoa dawa mwilini, kwa hiyo dawa yako nyingine inaweza kurundikana kwenye damu. Mjamzito na anayenyonyesha wasiiguse. Inaweza kumzidishia mtoto mchanga manjano hadi ikadhuru ubongo.

Na ile habari ya sindano? Utumbo wetu hutoa homoni iitwayo GLP-1 tunapokula. Ndiyo inayoambia ubongo "imetosha", na kulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Lakini ile ya mwilini huvunjwa hadi kubaki nusu ndani ya dakika kama mbili. Dawa ya sindano, semaglutaidi, imetengenezwa ikwepe kuvunjwa, na huchukua takriban wiki kupungua hadi nusu. Dakika mbili kwa wiki nzima! Ndiyo maana kila ninapoona kapsuli imeandikwa "huongeza GLP-1" nacheka. Hata kutafuna chakula cha kawaida kunaongeza GLP-1.

Sasa turudi kwenye glasi. Nyuzinyuzi za aina hii hunyonya maji na kuwa ute mzito. Ute huo huchelewesha chakula kutoka tumboni na sukari kuingia kwenye damu. Nyingine, kama beta-glukani ya shayiri, zikifika utumbo mpana bakteria huzichachusha, wanatoa asidi ndogondogo, na asidi hizo huchokoza seli za utumbo zitoe ile GLP-1 pamoja na mwenzake PYY, homoni nyingine ya kushiba. Ni msukumo mdogo, lakini unarudiwa kila siku. Ispagula haichachuki sana. Kazi yake kubwa ni ule ute, na kwangu ulitosha.

Ndugu yao mwenye nguvu zaidi ni glukomanani, inayotoka kwenye kiazi cha konjaki. Umoja wa Ulaya unaruhusu isemwe kwamba inasaidia kupunguza uzito, kwa masharti: gramu 3 kwa siku, zigawanywe mara tatu kabla ya kula, kila mara na glasi moja au mbili za maji, na mtu awe anakula kidogo. Hayo maji si pambo. Ikivimba kooni inakaba. Mwenye shida ya kumeza asiijaribu.

Vingine navipitia haraka. Chai ya kijani ni kinywaji kizuri, lakini dondoo lake kwenye kapsuli ni jambo jingine: kuanzia miligramu 800 za katekini yake kuu, EGCG (kemikali ya asili ya chai hiyo), kwa siku, vipimo vya ini vya baadhi ya watu vimepanda. Mdalasini aina ya kasia una kumarini, nayo ikizidi si rafiki wa ini. Nyunyiza, usimeze kwa vijiko. Siki huchelewesha sukari kidogo na hula meno. Hoodia, mmea ambao Wasan wa kusini mwa Afrika waliutafuna kuzuia njaa wakiwa mawindoni, ulijaribiwa na Pfizer, kisha Unilever, na wote wakaachana nao. Chupa zake bado zinauzwa.

Ukitaka kuanza nyuzinyuzi, anza na nusu kijiko cha chai kwa siku, wiki nzima ya kwanza. Mimi nilianza na kijiko kikubwa, na gesi niliyoipata sitaisimulia hapa. Dawa zako zitenganishe nazo kwa saa mbili, maana ute haubagui unachokizuia. Mwambie daktari, hasa kama unachoma insulini. Na protini iwepo kwenye mlo wa kwanza wa siku. Kwangu hiyo pekee iliniondolea nusu ya utafunaji wa jioni.

Baada ya miezi saba nilikuwa nimepungua kilo tano, sukari ya asubuhi 5.7, metformini nikiwa naendelea nayo. Njaa ya saa nne haijafa. Inabisha hodi kama mara mbili kwa wiki. Nakoroga, nakunywa upesi kabla haijaganda, nashushia glasi ya pili ya maji, na simu ikiita wakati huo naiacha iite.