Ukitajiwa maneno ya sinema, uliza nani alikuwa anajibiwa

Jumamosi usiku barazani kwetu Magomeni tuna mchezo: mmoja anatamka maneno ya sinema ya zamani, wengine tunataja sinema yenyewe. Ukikosa mara tatu, chipsi mayai za watu wote ni juu yako. Nimewalisha sana wale jamaa kabla sijashtuka kwamba nilikuwa nakariri maneno matupu.

Chukua "Mere paas maa hai", yaani mimi nina mama. Ni sinema ya Kihindi, Deewaar ya 1975, hapo hakuna ubishi. Ila ukiuliza nani kasema, wengi wanaropoka Amitabh Bachchan. Sasa rudi nyuma kidogo. Ni ndugu wawili, mmoja tajiri wa magendo, mwenzake polisi. Amitabh ndiye tajiri, anajigamba: nina majumba, nina hela benki, nina gari, wewe una nini? Atajijibuje mwenyewe? Anayejibu ni mdogo wake, Shashi Kapoor. Tangu nianze kushika lile swali, jibu halinipotei. Hata Gabbar Singh, mkuu wa majambazi kwenye Sholay, anapouliza "Kitne aadmi the?", walikuwa watu wangapi, kumbuka mbele yake wamesimama majambazi wake watatu waliotimuliwa na watu wawili tu. Ukiziona zile sura zao, sinema inajitaja.

Halafu ogopa maneno yanayojulikana na kila mtu. Niliwahi kutamba na "Luke, mimi ni baba yako". Shemeji akatoa simu, akacheza kipande: katika The Empire Strikes Back ya 1980, ile ya Star Wars, Darth Vader, adui wa kijana Luke, anasema "Hapana, mimi ndiye baba yako." Jina la Luke halimo. Na ningekumbuka kwamba Luke ametoka kumwambia "wewe ndiye uliyemuua", yaani baba yake Luke, ningejua lazima ianze na hapana. Nikalipa chipsi. (Sinema ya Casablanca nayo, lile "piga tena, Sam" halimo, usijisumbue.)

Ukiwa wewe ndiye muulizaji, "nitarudi" ya Schwarzenegger iache. Aliisema kwenye The Terminator ya 1984, akairudia kwenye Commando mwaka uliofuata, na ugomvi wake hauishi mpaka adhana ya alfajiri.

Sisi wa vibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, tuna balaa letu. Tuliangalia mikanda huku mtafsiri akiongea juu ya sauti ya filamu. Mzungu anafumbua mdomo mara moja, mtafsiri anashusha hotuba nzima, na matusi ya Tandale ndani yake. Kwa hiyo kabla hujaapa, itafute filamu uiangalie kwa sauti yake. Mimi niliapa kwamba "leo utalala na viatu" ni ya Commando. Tuliiangalia mwanzo mpaka mwisho, watu saba kwenye simu moja. Hakuna aliyelala na viatu.