Mama anameza glibenclamide, aongeze shubiri na mlonge?

Dada, umeuliza kama mama anaweza kunywa shubiri na unga wa mlonge huku akiendelea na vidonge vyake vya kisukari, metformin na glibenclamide. Mimi ningemzuia kwanza, hasa kwa sababu ya hiyo glibenclamide. Hiyo hulisukuma kongosho litoe insulini hata kama mtu hajala, na shubiri nayo inaweza kushusha sukari. Zikikutana, sukari inaweza kuporomoka.

Hilo la "apishanishe saa mbili" wanalosema wauza dawa sokoni halisaidii, maana glibenclamide hufanya kazi karibu siku nzima.

Baba yangu mdogo alifanya hivyohivyo. Saa kumi alfajiri tukamkuta shuka limelowa jasho, mikono inatetemeka, anaongea ovyo. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6 mmol/L, yaani imeshuka mno. Kwa kuwa alikuwa bado anaweza kumeza, tulimpa vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, tukapima tena baada ya dakika 15. Angekuwa amezimia, kinywani haiwekwi kitu, ni hospitali moja kwa moja.

Na kama mama ana presha na anatumia furosemide (dawa ya kukojoza), ule utomvu wa manjano wa shubiri unaharisha na kupoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayahitaji ili upige sawasawa, na furosemide nayo inaipoteza. Moyo ndio unaoumia.

Mlonge kama mboga, sahani ya kawaida, sina tatizo nao. Unga wa vijiko kila siku ni habari nyingine. Siku ya kliniki abebe hayo makopo yote, amwonyeshe daktari au mfamasia. Asiache vidonge.