Maswali Yenu: Redio kilimani

SWALI: Nina leseni ya redio ya ridhaa (ya kuwasiliana kwa kujifurahisha), redio ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, ya wati 100 na betri ya gari ya Ah (ampea-saa) 70. Nataka kushiriki CQ World Wide ya sauti, shindano la dunia la kuwasiliana na stesheni nyingi, wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, nikiwa vilima vya Ngong. Nimeijaribu mitambo nje ya nyumba: nasikia vizuri, ila nikianza kusema tu redio inazima. Betri imekufa?
Msomaji, Kajiado

JIBU: Kabla ya kuilaumu betri, angalia waya. Redio hiyo ikirusha huvuta hadi ampea 20 hivi. Ikisikiliza haifiki 2. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 3, yaani mita 6 kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 1.4. Betri ikiwa na 12.2, redioni zinafika 10.8, na redio nyingi hazitaki chini ya 11.7. Weka waya wa milimita 6 za mraba usiozidi mita 2, fyuzi ikae karibu na betri. Halafu pima volti kwenye plagi ya redio huku unasema. Kupima redio ikiwa kimya hakukwambii kitu.

Shusha nguvu hadi wati 50. Anayekusikiliza atapoteza desibeli 3 tu, nusu ya alama moja ya S, kipimo cha nguvu ya mawimbi kwenye redio. Betri ya gari haipendi kukamuliwa chini ya nusu, kwa hiyo una Ah 35: kwa wastani wa ampea 3.5, saa 10. Ukibeba sola, chomoa kidhibiti chake unaposikiliza, kwani vingi vinapiga kelele mbaya kwenye HF.

Urefu wa kilima peke yake si hoja sana kwenye HF. Hoja ni mteremko mbele ya antena. Ulaya na Marekani kutoka Ngong ziko upande wa kaskazini-magharibi, kwa hiyo kaa ukingo unaoshukia Bonde la Ufa, mbali na minara ya matangazo, maana mawimbi yake hulemea kipokezi. Daipoli, antena ya nyaya mbili: gawa 143 kwa megahezi upate urefu wake. Kwa 28.5 ni mita 5.02, kila upande 2.51, kata ukiacha sentimita 10 za ziada, kisha punguza kidogo kidogo ukitazama SWR, kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena, hadi iwe ndogo. Nyaya zielekee kaskazini-mashariki na kusini-magharibi. Mlingoti ufungwe kamba tatu. Upepo wa huko hauna huruma. Vuli ikianza, ukisikia radi chomoa kebo ushuke, alama zisubiri.

SWALI: Logi, orodha ya mawasiliano yangu ya shindano, niandike kwa saa gani?
Msomaji, Ngong

JIBU: UTC, saa ya kimataifa. Shindano linaanza Jumamosi saa tisa usiku kwetu, ambayo ni 0000. Wengi hukosea hapa: saa tatu asubuhi ya Kiswahili ni 0600 UTC, unaongeza tatu, ukisoma simu inayoonyesha 09:00, unatoa tatu. Weka saa moja mezani iliyosetiwa UTC, basi. Unachotuma ni “tano tisa, thelathini na saba”: tano tisa ni ripoti ya usikivu, thelathini na saba ni namba ya kanda yetu. Mkenya mwenzako hakupi pointi, lakini mara ya kwanza kwenye kila bendi anakupa kizidishi (namba inayozidishwa na pointi zako) cha nchi na cha kanda, kwa hiyo usimpite.